Kwa nini keki ya kitabuni hubonyea Mbeya: kusoma vitabu vya mapishi vya maktabani

Nusu ratili ya unga wa ngano, robo ratili ya sukari, robo ratili ya siagi, mayai mawili, vijiko viwili vidogo vya beking pauda, robo painti ya maziwa. Oka katika oveni ya wastani kwa dakika 40.

Mapishi ya namna hiyo yamejaa katika vitabu vya zamani vya Kiingereza vinavyokaa kwenye rafu za maktaba za mikoa, za vyuo na za misheni. Hayana kosa. Lakini ukiyafuata neno kwa neno ukiwa Mbeya mjini, keki huumuka kwa pupa, hupasuka juu, kisha hubonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Lawama huangukia unga, oveni, au mkono wa mpishi.

Kila kitabu cha mapishi kimeandikiwa jiko fulani, lenye ratili yake, kijiko chake, moto wake, unga wake, na urefu wake kutoka usawa wa bahari. Mwandishi hakuyataja hayo kwa sababu kwake yalikuwa kama hewa, yapo tu. Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini inabidi alitafute hilo jiko la mwandishi kwanza, ndipo awashe la kwake.

Chakula kimetawanyika rafuni

Maktaba za umma, zikiwemo za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hupanga vitabu kwa namba za Dewey, mfumo ambao Mmarekani Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876. Mapishi yako 641.5. Mapishi ya mahali fulani yako 641.59, na ukibandika namba ya Tanzania, yaani 678, unapata 641.59678. Jirani yake kuna 641.3 kwa vyakula vyenyewe, 641.2 kwa vinywaji, 641.4 kwa kuhifadhi chakula, na 641.8 kwa aina mojamoja kama supu, mikate na keki.

Mtu akiishia hapo ataondoka na keki, supu na pilau, akiamini kwamba chakula cha Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasafwa au Wanyakyusa hakikuandikwa. Kimeandikwa, ila walioandika hawakuwa wapishi. Walikuwa mabwana shamba, wamisionari, madaktari na watafiti wa mila, na kila mmoja alikipeleka chakula kwenye rafu ya fani yake. Ulezi na mahindi viko kwenye nafaka, kuanzia 633.1. Chai ya Mufindi na Rungwe itafute 633.72, kahawa ya Mbozi 633.73. Lishe iko 613.2, usindikaji wa vyakula 664, desturi za kula na kunywa 394.1. Masimulizi ya wasafiri yako 916.78, historia ya nchi 967.8, na ndani ya vyote hivyo kuna kurasa za chungu na kibuyu.

Mfano mzuri ni Unyakyusa. Mtafiti Monica Wilson na mume wake Godfrey walifanya kazi huko miaka ya 1930, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika kinaeleza kwa kirefu nani hula na nani. Wavulana wa rika moja walihamia kijiji chao wenyewe, lakini waliendelea kwenda kwa kikundi kula kwenye nyumba za mama zao, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Kula, kunywa na kuzungumza pamoja na wenzako kuna neno lake, *ukwangala*. Ukurasa huo hautakufundisha kupika ndizi, lakini utakueleza kwa nini chungu kilikuwa kikubwa kuliko nyumba iliyokipika. Mkutubi hawezi kuupanga chini ya mapishi, maana kitabu kizima kinahusu jamii.

Kwa hiyo usitafute kwa neno "mapishi" peke yake. Vitabu vya zamani vya Kiswahili hupenda "upishi", vya shule huitwa "sayansi kimu" au "maarifa ya nyumbani", na vijitabu vya kliniki hutumia "lishe". Ukishapata kitabu cha kilimo au cha historia, nenda moja kwa moja kwenye faharasa ya nyuma, utafute majina ya mazao, neno pombe, na neno njaa. Hilo la mwisho halikosi. Sura ya njaa ndiyo inayoorodhesha mboga za porini, mizizi na namna ya kuondoa uchungu, mambo ambayo katika miaka ya shibe hakuna aliyeona sababu ya kuyaandika.

Na ukiwa na nakala mbili za kitabu kimoja, chagua iliyochafuka. Ukurasa wenye madoa ya mafuta na unga ulipikwa, tena mara nyingi. Ukurasa mweupe pengine haukupikwa kamwe.

Ratili ya nani, kikombe cha nani

Vitabu vya Kiingereza vya kabla ya miaka ya 1970 hupima kwa ratili na aunsi, ambayo vitabu vingine vya Kiswahili huiita wakia. Ratili moja ni gramu 454, aunsi moja ni gramu 28, na ratili ina aunsi 16. Ukifungua kitabu cha Kijerumani katika misheni ya zamani, ratili inabadilika, kwa kuwa ya kwao ni gramu 500 kamili. Kwa ratili moja ya unga tofauti ni gramu 46, karibu theluthi ya kikombe, na hiyo inatosha kuugeuza unga laini kuwa mgumu.

Kwa vimiminika, painti ya Kiingereza ni mililita 568, ya Kimarekani ni 473. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 237. Vikombe vya plastiki vya kupimia tunavyonunua leo mara nyingi ni 250. Waingereza wa zamani walikuwa na vikombe viwili: cha chai, takriban mililita 142, na cha kifungua kinywa, takriban 284, yaani mara mbili yake. Utamjuaje mwandishi ni wa wapi? Akipima siagi kwa vijiti (kijiti kimoja ni gramu 113) na karibu kila kitu kwa vikombe, ni Mmarekani. Akipima unga kwa aunsi na maziwa kwa painti, ni Mwingereza.

Kijiko ndicho kinachopoteza watu zaidi. Katika vitabu vya zamani vya Kiingereza, kijiko bila maelezo ni kijiko chenye kilima, ambapo kilichozidi juu ya ukingo kinalingana na kilichomo ndani. Vitabu vya kisasa, na karibu vyote vya Kimarekani, hutaka kijiko kilichofutwa kwa kisu. Vile "vijiko viwili vidogo" vya mwanzo wa makala hii, kama kitabu ni cha Mwingereza wa zamani, ni karibu vijiko vinne vya kufuta. Mayai nayo yana kilo zake. Yai la kuku wa kienyeji mara nyingi lina gramu 40 hivi, la kuku wa kisasa 55 hadi 60, kwa hiyo mawili ya kitabuni ni matatu ya kienyeji.

Vitabu vya pwani vina vipimo vyao. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, visaga viwili ni pishi moja, na pishi ya nafaka huhesabiwa ratili sita hivi, karibu kilo 2.7. Hivi ni vipimo vya ujazo, kama sado na debe, kwa hiyo uzito hubadilika na kilichomo ndani: pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani kwenye mizani. Debe lenyewe limekua. Katika taarifa za zamani debe ni kopo la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18. Ndoo inayoitwa debe sokoni leo ni ya lita 20. Ukilinganisha bei au mavuno ya zamani na ya sasa bila kulijua hilo, umekosea kwa kama asilimia 10 kabla hujaanza hesabu.

Kiasi pia kina mlengwa. Mapishi ya vitabu vya sayansi kimu mara nyingi ni madogo, kwa sababu mwanafunzi alipika kwa ajili ya somo, na mapishi ya sherehe za pwani ni ya ukoo mzima. Tazama kwanza kiasi cha chumvi. Ukikuta vijiko vitatu vikubwa, hiyo sufuria haikuwa ya watu wanne.

Jina moja, vyakula viwili

Hapa makosa hayaonekani mpaka chakula kiive. Mwingereza akiandika "cornflour" anamaanisha wanga mweupe wa mahindi wa kukolezea mchuzi, ule unaoteleza kama pauda. Mtu akitia sembe, mchuzi unakuwa uji wenye chembechembe. Neno "millet" ni baya zaidi, kwani waandishi wa zamani walilitumia kwa ulezi, kwa uwele, na wakati mwingine hata kwa mtama. Kwa bahati, wataalamu wa kilimo waliandika "eleusine" walipomaanisha ulezi, na neno hilo limejaa katika maandishi kuhusu nyanda zetu. Ukilikuta mahali panapozungumzia pombe au uji wa Unyakyusa au Ubena, ni ulezi, hakuna shaka.

"Spinach" katika taarifa za kikoloni ni jani lolote la kijani lililochemshwa: mchicha, mnavu, majani ya maboga, majani ya kunde. "Peas" inaweza kuwa njegere, kunde au mbaazi, na muda wa kuiva wa hizo tatu haufanani hata kidogo. Kwa upande wa Kiswahili, "viazi" katika kitabu cha pwani mara nyingi ni viazi vitamu. Mtu wa Umalila au Uporoto akisikia viazi anaona viazi mviringo, na akivipika kwa tui na sukari kama kitabu kilivyoagiza atashangaa. "Mboga" kwetu ni chochote kinachoshushia ugali, nyama na dagaa wakiwemo, kwa hiyo jedwali la lishe lililotafsiriwa vibaya linaweza kuonyesha kaya ikila mboga nyingi, kumbe ni samaki wa Ziwa Nyasa.

Hamira ni chachu hai. Beking pauda ni chumvichumvi zinazotoa gesi zikikutana na maji na moto. Kitabu kinachosema "hamira" na kukutaka uoke papo hapo bila kusubiri kinazungumzia beking pauda, na kinachokuambia ufunike unga saa nzima kinazungumzia chachu. Ufuate utaratibu, uliache jina.

Urefu wa mahali

Kyela iko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Iringa mjini ni karibu 1,600, Mbeya karibu 1,700, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Kadiri unavyopanda, hewa inayokandamiza uso wa maji inapungua, na maji huchemka mapema zaidi: takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100, Kyela kwa 98, Mbeya kwa 94, Njombe kwa 93, Kitulo kwa 91. Ukishafika hapo, kuongeza kuni hakuongezi joto la chungu. Kunaongeza mvuke tu.

Ugali haujali sana. Wanga wa mahindi huanza kufura kwenye nyuzi 60 na kitu, mbali chini ya 94, kwa hiyo unga huiva popote. Maharage ndiyo yanayoumia. Kulainika kwake hutegemea joto, na nyuzi sita pungufu huongeza muda wa kupika kwa kiasi ambacho mwandishi wa Dar es Salaam au London hakukiwaza. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, na usitie nyanya wala ndimu kabla hayajalainika, kwani tindikali hukaza ganda. Hili kosa liko hata katika vitabu vizuri, vinavyoagiza kila kitu kiingie chunguni kwa pamoja. Magadi hulainisha haraka kweli, lakini huua vitamini B1 na, yakizidi, huacha ladha ya sabuni. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hupata ugumu ambao hauondoki hata uchemshe mchana kutwa. Hapo tatizo ni ghala, siyo mlima. Ndiyo maana muda wa kuiva ni miongoni mwa sifa wanazopima watafiti wa mbegu za maharage, na anayepika Uyole Njano na aina nyingine kwenye chungu kimoja atajikuta na nusu uji, nusu mawe.

Sufuria ya presha hulipa deni lote. Hata Mbeya, kwa presha ya ratili 15 kwa kila inchi ya mraba, ndani hupita nyuzi 115. Usiyo nayo, hakikisha maharage mekundu yanachemka kwa nguvu angalau dakika 30, kwa sababu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli. Kuyaacha yachemke kivivu juu ya majivu ya moto toka mwanzo ni hatari kuliko kuyapika haraka.

Wali una hesabu yake. Mapishi ya vikombe viwili vya maji kwa kikombe kimoja cha mchele yanahitaji vijiko vikubwa viwili au vitatu vya nyongeza hapa juu, maana wali hukaa motoni zaidi na mvuke mwingi hupotea. Ila mchele mpya wa Kyela au Mbarali, uliotoka kukobolewa, hunywa maji kidogo kuliko wa zamani, na nyongeza hiyo ikiingia unapata bokoboko. Onja punje kabla ya kupalia makaa juu ya mfuniko.

Sasa turudi kwenye keki. Mbeya kandamizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kulinganisha na pwani. Gesi ileile ya beking pauda inavimba zaidi, na inavimba kabla yai na unga havijashikana. Kuta za vishimo hupasuka, gesi inatoka, keki inaketi. Wakati huohuo maji yanakauka upesi, sukari iliyobaki inakuwa nzito, na sukari nzito huchelewesha kushikana. Mambo matatu yanasukuma upande mmoja.

Dawa yake ni kupunguza kinachovimbisha na kuongeza kinachoshika. Ratili nusu ya unga ni gramu 227, inabaki hivyo. Beking pauda, vile vijiko vinne vya kufuta, vishushe hadi vitatu. Kama kitabu ni cha vijiko vya kufuta na kinasema viwili, tia kimoja na nusu. Sukari gramu 113, toa kijiko kikubwa kimoja. Siagi gramu 113, iache. Maziwa mililita 142, ongeza vijiko vikubwa viwili. Oveni ya nyuzi 180 ipandishe hadi 190, ili keki ishikane kabla haijavimba kupita kiasi, na uanze kuichungulia dakika ya 30. Kwa Njombe na Makete punguza beking pauda zaidi kidogo na ongeza kijiko kimoja tena cha maziwa. Badilisha jambo moja kwa kila jaribio. Ukibadilisha manne kwa mpigo na keki ikatoka vizuri, hutajua lipi limekusaidia.

Maandazi na mikate ya hamira yana ubishi wa ndani. Hewa nyepesi huharakisha kuumuka, lakini baridi ya Juni na Julai huichelewesha chachu. Mambo haya mawili hayafutani sawasawa, kwa hiyo "saa moja" ya kitabu cha Tanga haina maana Iringa. Tazama donge: likifikia mara mbili ya ukubwa wake, kata. Likizidi, andazi litanywa mafuta na kuwa na ladha ya uchachu. Mafuta yenyewe yasiwe makali kama kitabu kinavyosema. Nyuzi 180 zishushe hadi 170, la sivyo andazi litakuwa kahawia nje na bichi ndani.

Moto usio na namba

Kitabu kikisema 350 bila kutaja kipimo, hiyo ni Fahrenheit. Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9, unapata 177, yaani 180 kwa matumizi ya jikoni. Vitabu vya Uingereza vina pia "regulo", namba za oveni ya gesi. Namba 4 ni nyuzi 180, na kila hatua ni kama nyuzi 14 kupanda au kushuka.

Vya zamani zaidi havina namba kabisa: oveni ya polepole, ya wastani, ya kali. Waliotumia oveni za kuni walipima kwa unga. Nyunyiza unga mkavu wa ngano kwenye sinia, weka ndani dakika tano. Ukipata rangi hafifu tu, oveni ni ya polepole, chini ya nyuzi 160. Ukiwa wa dhahabu, ni ya wastani, kati ya 160 na 200. Ukiwa kahawia iliyokolea, ni kali. Kipimo hiki kinafanya kazi vilevile kwenye oveni ya mkaa na kwenye sufuria iliyopaliwa makaa. Kwa sufuria, makaa mengi yakae juu ya mfuniko, machache chini. Anayeyagawa sawasawa huunguza kitako cha keki, kwa kuwa chuma cha chini kinagusa keki na cha juu hakiigusi.

Pale ambapo kitabu cha zamani hakifai kufuatwa

Hadi hapa kosa limegharimu unga na siagi tu. Sura za kuhifadhi chakula, rafu ya 641.4, ni habari nyingine.

Jamu ni salama, ila hukosewa. Kitabu husema chemsha hadi nyuzi 220 za Fahrenheit, karibu 104 za Selsiasi. Namba hiyo ni nyuzi nne na nusu hivi juu ya maji yanayochemka, kwa mtu aliye usawa wa bahari. Njombe, penye plamu na mapichi, maji huchemka kwa 93, kwa hiyo jamu imefika ikigonga 97 au 98. Anayesubiri 104 anapata gundi yenye harufu ya sukari iliyoungua. Njia ya uhakika ni kuchemsha maji matupu siku hiyohiyo, kusoma kipimajoto, na kuongeza nyuzi nne na nusu juu yake. Usipokuwa na kipimajoto, dondoshea tone kwenye sahani baridi ulisukume kwa kidole, likikunjamana, ipua.

Nyanya, kama zile zinazopangwa kwenye ndoo kandokando ya barabara pale Ilula, ziko mpakani. Tindikali yake hubadilika kwa aina na kwa kuiva, kwa hiyo tia vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau ya chupa kwa kila lita. Limau la chupa, kwa sababu ukali wake haubadilikibadiliki kama wa limau la mtini. Muda wa kuchemsha mitungi uliopangwa kwa usawa wa bahari uongezee dakika 10 Iringa na Mbeya, na dakika 15 Njombe, ambako umepita mita 1,800.

Maharage, njegere, mahindi mabichi, mboga za majani na nyama havina tindikali ya kutosha, na hapa vitabu vya zamani vinapotosha. Vingi vinaagiza mitungi ichemshwe ndani ya maji kwa saa tatu. Mbegu za bakteria wa botulizimu hustahimili nyuzi 100 kwa saa nyingi, na hapa kwetu maji hayafiki hata 100. Ndani ya mtungi uliofungwa, pasipo hewa, mbegu hizo huota na kutoa sumu. Vyakula hivi vinahitaji presha inayofikisha nyuzi 116 au zaidi, na kwa uzito wa presha unaotumika milimani, ratili 15 badala ya 10 zilizoandikwa kwa ajili ya pwani. Asiye na chombo hicho akaushe juani au achachushe kwa chumvi, kazi ambazo nyanda hizi zinazijua bila kitabu.

Mtungi wa namna hiyo uliotiwa na mtu mwingine, ukionekana mzima, uchemshe chakula chake wazi kwa dakika 10 na uongeze dakika moja kwa kila mita 300 za urefu, Mbeya ikiwa 16, kabla ya mtu yeyote kuuweka mdomoni. Ukivimba mfuniko, ukitoa povu au ukifoka unapofunguliwa, usiuonje hata kwa ncha ya ulimi, kwani sumu hiyo haina ladha wala harufu. Chimba shimo mbali na kuku na mbwa, fukia mtungi na vilivyomo, kisha osha mikono kwa sabuni, na meza kwa dawa ya madoa ya klorini.